Mume alipewa dawa mpya, mke akarudishiwa ya zamani

Mwaka 2018 nilikuwa mfamasia kwenye dirisha la dawa la kliniki ya VVU. Siku moja walikuja mume na mke, wote wanatumia ARV. Mume nilimhamishia kwenye dolutegraviri, dawa mpya yenye nguvu na maudhi machache. Mke nikamrudishia efavirenzi ileile iliyokuwa ikimpa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Akaniuliza, "Daktari, sasa mimi nimekosa nini?"

Hakukosa kitu. Alikuwa na miaka 29, umri wa kuzaa, na mwongozo ulisema hivyo. Nilimjibu kwa sentensi mbili. Alistahili zaidi.

Nchini Botswana kuna utafiti uitwao Tsepamo. Tangu 2014, wakunga katika wodi za uzazi za hospitali za serikali walikuwa wakimkagua kila mtoto anayezaliwa na kuandika walichokiona. Mei 2018 hesabu ilishtua: kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, watoto 4 walikuwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kama mgongo wazi. Kwa wanaotumia dawa nyingine, alikuwa kama mtoto mmoja katika kila elfu. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kama wameshika mimba. Ndiyo maana tahadhari iliwaangukia wote wanaoweza kuzaa.

Waliotoa tahadhari siwalaumu. Watoto wanne si siri ya kuwekwa kabatini. Kinachoniuma ni kwamba dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Katika majaribio yake makubwa mwanamke alitakiwa azuie mimba, na aliyeshika mimba alitolewa. Kwa hiyo miaka mitano baadaye hapakuwa na hesabu nyingine kubwa ya kulinganisha na ile ya Botswana. Tunamtoa mjamzito kwenye utafiti tukisema tunamlinda, kisha dawa ikishafika dirishani anaimeza vilevile, nyumbani kwake, bila mtu wa kumfuatilia. (Efavirenzi nayo ilikuwa imepitia njia hiyohiyo. Kwa miaka mingi iliogopwa katika miezi ya mwanzo ya mimba, hadi takwimu zilipoisafisha.)

Julai 2018 wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakadai wapewe taarifa zote na waachiwe kuamua wenyewe. Walikuwa sahihi. Wakunga wa Botswana waliendelea kuhesabu. Mwaka 2019 wanawake walikuwa wamefika 1,683 na watoto wenye kasoro 5, yaani kama watatu katika elfu. Mwezi Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kwa wote, wanawake wakiwemo. Hesabu ilipozidi kukua, tofauti ile ikatoweka kabisa. Yule mama nikambadilishia dawa. Alikuwa amepoteza zaidi ya mwaka wa usingizi mzuri.

Kuna waliojifunza. Jaribio la lenakapaviri, sindano ya kinga ya VVU inayochomwa kila baada ya miezi 6, lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Aliyeshika mimba aliruhusiwa kuendelea, akiridhia. Matokeo ya 2024: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Safari hii taarifa za ujauzito zimekuja pamoja na dawa.

Siku hizi dirishani kwangu wanakuja kina mama waliovuka miaka 50. Tenofoviri, mojawapo ya ARV wanazomeza, hupunguza uzito wa mifupa, na kukoma hedhi nako hupunguza. Wananiuliza kuhusu magoti, joto la usiku, moyo kwenda mbio. Kila ninapofungua utafiti mpya, huanza na ukurasa unaosema ni nani walishirikishwa, na walikuwa na umri gani.