Kukalibreti tochi ya trafiki sio kuirekebisha

Dereva akipigwa tochi (kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo) utamsikia "hiyo mashine haijakalibretiwa ndo maana inazidisha", halafu wa upande wa pili anajibu "imekalibretiwa juzi tu, haiwezi kukosea". Wote wawili wamelitumia neno vibaya, tena kwa namna ileile.

Kukalibreti ni kulinganisha. Unaipa tochi mwendo ambao tayari unaujua kwa uhakika, unaangalia imesoma ngapi, unaandika tofauti, basi. Kwa radar ya mawimbi maabara inatumia kifaa kinachoigiza gari linalotembea, maana radar inachopima ni mabadiliko ya masafa ya wimbi linalorudi (ile kanuni ya Doppler ya 1842), na kwa radar ya gigahezi 24.15 kila kilomita moja kwa saa inaleta mabadiliko ya hezi 44.8 hivi. Tochi za leza zenyewe zinapima umbali na muda, kwa hiyo kuzikalibreti ni kazi nyingine.

Sasa hapo hakuna aliyeshika bisibisi. Kuirekebisha ili isome sawa ni kazi tofauti kabisa, na ikishafanyika inabidi ukalibreti upya, kwa sababu cheti cha mwanzo kinaelezea mashine ilivyokuwa kabla hujaigusa. Hata kamusi ya kimataifa ya vipimo, VIM, imeweka onyo kwamba hivi viwili visichanganywe. Kuna na cha tatu, uhakiki, yani mamlaka inaangalia kama tofauti iko ndani ya kiwango cha sheria halafu inaweka muhuri. Tochi inaweza kukalibretiwa vizuri sana na uhakiki ikafeli!

Kinachoniuma zaidi ni mashaka ya kipimo, watu wanadhani ni kosa la mashine. Tuseme maabara imeipa tochi 80 na yenyewe ikasoma 81, cheti kitaandika kosa +1, mashaka ±0.6, kwa uhakika wa asilimia 95 hivi. Kosa ni ile 1, unaijua, unaweza kuitoa. Mashaka ni kwamba hiyo 1 yenyewe hatuijui kwa ukamilifu, inaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.6, kwa sababu kifaa cha kulinganishia nacho kina mashaka yake na skrini ya tochi inaonyesha namba nzima tu bila desimali. Cheti kisicho na namba ya mashaka ndo cha kutiliwa shaka, sio chenye nayo.

Halafu mtu anachukua ile punguzo ya kisheria anaiita mashaka, hapana. Ujerumani wanamtolea dereva kilomita 3 kwa saa akiwa chini ya 100 na asilimia 3 akizidi hapo, Ufaransa kamera zilizofungwa barabarani wanatoa 5 chini ya 100 na asilimia 5 ukizidi hapo. Hizo ni namba zilizopangwa na watu ili dereva asionewe, zimeachwa kubwa makusudi, na hazibadiliki hata tochi ikitoka maabara na ±0.6.

Na kuna vitu cheti hakivioni kabisa. Askari akisimama pembeni na kuilenga gari kwa pembe ya digrii 20, gari ya 80 itasomeka 75 hivi, yani kwa tochi iliyosimama pembe inamsaidia dereva. Tochi ikishika gari la nyuma yako badala ya lako, hapo pia kalibresheni haihusiki, ni mlengaji.

Kwa hiyo ndugu dereva, badala ya kusema "haijakalibretiwa", omba kuona cheti, linganisha namba ya mashine na iliyo kwenye cheti, angalia tarehe, angalia kosa lililoandikwa kwenye mwendo unaokaribiana na wako, na mashaka yake. Umesomwa 51 penye kibao cha 50 na cheti kinasema kosa +1, mashaka ±0.6, una hoja ndogo ya kweli. Umesomwa 74, cheti hakikusaidii.