Mabasi Mapya, Kituo Kilekile: Dhana Potofu Kuhusu Fedha za Usafiri wa Umma

Wengi wanaobishana iwapo serikali iongeze fedha kwenye usafiri wa umma wameshaamua jibu kabla ya kufungua mdomo. Anayetaka ziongezwe anataka kuona mabasi mapya. Asiyetaka anasema mabasi hayajilipi. Wote wawili wamekosea, na wa kwanza ndiye anayechosha zaidi, kwa sababu yuko upande sahihi kwa hoja mbovu. Tuanze naye.

Dhana: Fedha zikiongezwa, zinunue mabasi zaidi

Basi lililoegeshwa yadi halimfikishi mtu popote. Abiria anahitaji safari, na safari ni basi pamoja na dereva, mafuta, matairi, fundi na njia ya kupita. Hesabu yake ni ya darasa la tano, lakini ni nadra kuikuta kwenye karatasi ya bajeti.

Chukua njia yenye urefu wa kilomita 15. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, vituo na foleni vikiwemo, linatumia dakika 60 kwenda na 60 kurudi. Ongeza dakika 10 za mapumziko kila mwisho wa njia: mzunguko mzima ni dakika 140. Ukitaka basi lipite kila baada ya dakika 10, unahitaji mabasi 14 barabarani. Sasa foleni iongezeke, mwendo ushuke hadi kilomita 10 kwa saa. Mzunguko unakuwa dakika 200, na huduma ileile ya kila dakika 10 inadai mabasi 20. Umenunua mabasi sita, umeajiri madereva wake, na abiria hajapata chochote zaidi. Tena sasa anakaa ndani ya basi nusu saa zaidi kila upande.

Igeuze hesabu. Tenga njia maalumu ya mabasi, mwendo upande hadi kilomita 20 kwa saa. Mzunguko unashuka hadi dakika 110, na mabasi 11 yanatosha. Au yabakize yaleyale 14, basi lipite chini ya kila dakika 8. Rangi ya barabarani, vizuizi vya zege, kamera za kunasa wanaoegesha humo na taa za kuongozea magari zinazolipatia basi kipaumbele: hivyo ndivyo vilivyoleta safari za ziada, bila basi jipya hata moja. Lakini hakuna kiongozi anayekata utepe mbele ya mstari wa rangi, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Kisha kuna madereva. Basi linalofanya kazi saa 16 kwa siku, siku saba, linahitaji saa 112 za usukani kwa wiki. Dereva anayelipwa saa 40 hakai kwenye usukani saa zote 40; ondoa likizo, ugonjwa, mafunzo, ukaguzi wa gari asubuhi na mapumziko, zinabaki kama saa 32. Kwa hiyo kila basi linataka madereva watatu na nusu. Mabasi 14 ni madereva 49. Ukinunua mabasi bila kutenga mishahara hiyo, yatatoka asubuhi na jioni tu, mchana yatalala.

Na yataharibika. Kila kundi la mabasi linahitaji akiba ya kati ya asilimia 10 na 20 kwa ajili ya matengenezo, hivyo 14 barabarani ni 16 kwenye daftari. Basi la mjini hupangiwa kuishi miaka 12 hivi, na katika miaka hiyo gharama ya kuliendesha huipita mbali bei ya kulinunulia. Kinachotokea pale bajeti ya matengenezo ilipo ndogo kinajulikana kila karakana: basi moja linasimama kwa kukosa kompresa ya hewa, la pili kwa kukosa pedi za breki, halafu fundi anachomoa kifaa cha la kwanza alifufue la pili. Baada ya mwaka lile la kwanza limebaki bodi. Hali huwa mbaya zaidi pale kila awamu ya ununuzi inapoleta aina tofauti ya gari, kila aina na vipuri vyake na kompyuta yake ya kuchunguza hitilafu. Ushauri wangu usiobadilika: aina mbili za basi, zisizidi, na mkataba wa kununua ujumuishe vipuri vya miaka miwili ya mwanzo, vifaa vya karakana na mafunzo ya mafundi. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Liko pia suala la kupandia. Abiria 30 wakiingia mlango mmoja, kila mmoja akitumia sekunde tano kulipa fedha taslimu na kungoja chenji, basi limesimama dakika mbili na nusu kwenye kituo kimoja. Wakilipa kabla ya basi kufika na kuingia kwa milango mitatu, sekunde mbili kila mmoja, ni sekunde 20. Zidisha kwa vituo vyote vyenye watu wengi uone mabasi mangapi yamepotea pale mlangoni. Na kama vituo viko kila mita 200, visogeze viwe kila mita 400 au 500. Watu watalalamika wiki mbili.

La mwisho katika hili, na ndilo linalosahaulika kabisa: mpangilio. Mabasi yakipita kila dakika 10 kwa usawa, anayefika kituoni bila kuangalia saa husubiri wastani wa dakika 5. Yakianza kufuatana mawili mawili kila dakika 20, idadi ya mabasi ni ileile lakini kusubiri kumekuwa dakika 10. Sababu inaeleweka. Basi lililochelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi kituoni, linachelewa zaidi, na la nyuma yake linakuta vituo vitupu, linalifikia. Dawa ni msimamizi mwenye mamlaka ya kulishikilia basi la nyuma kwenye vituo viwili au vitatu vya katikati, akiangalia nafasi kati ya basi na basi badala ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba, na basi moja la akiba lenye dereva likingoja kuingizwa pengo linapotokea. Mishahara ya wasimamizi hao ni midogo ukilinganisha na bei ya mabasi, lakini huwa ya kwanza kukatwa.

Kwa hiyo mtu akitangaza ununuzi wa mabasi, muulize: yataongeza kilomita ngapi za huduma kwa mwaka, na nani anazilipia mwaka wa tano?

Dhana: Usafiri mzuri hujilipa wenyewe

Barabara hazijilipi, na hakuna anayeziita mradi ulioshindwa. Mfano wa Hong Kong hutajwa kila mara, kwa sababu kampuni ya reli ya MTR hupata faida. Wanaoutaja huacha kusema kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo hutokana na kuendeleza ardhi, nyumba na maduka juu ya stesheni na kando yake, kwenye ardhi inayotolewa na serikali. Hiyo nayo ni serikali kuweka mali yake. Imepitia mlango mwingine tu.

Sababu ya kiuchumi ya ruzuku iliandikwa na mchumi Herbert Mohring mwaka 1972. Abiria wakiongezeka, mabasi huongezwa, na yakiongezwa kila abiria husubiri muda mfupi zaidi, hata yule wa zamani. Faida hiyo haiingii kwenye sanduku la nauli. Ukimwambia mwendeshaji aishi kwa nauli peke yake, atapunguza safari hadi magari yajae, kisha abiria wenye njia nyingine watahama, naye atapunguza tena.

Dhana: Basi tupu ni fedha za umma zinazochomwa

Saa za asubuhi basi hujaa likielekea mjini na kurudi likiwa karibu tupu. Lazima lirudi. Halina namna nyingine ya kuwafuata waliobaki.

Safari ya saa nne usiku yenye watu wanane nayo ina kazi yake. Anayetoka kazini saa hizo hatapanda basi la asubuhi kama hana la kumrudisha. Ukiikata ile ya usiku unapoteza na nauli ya asubuhi, halafu mwakani ile ya asubuhi itaonekana haina abiria.

Swali halali hapa ni lingine: ni kiasi gani cha bajeti kiende kwenye njia chache zenye mabasi ya mfululizo, na kiasi gani kifike kila mtaa japo basi moja kwa saa? Houston, mji wa Marekani, ilibadilisha mtandao wake wote wa mabasi kwa mara moja Agosti 2015, kwa bajeti ya uendeshaji isiyotofautiana sana na ya awali, kwa kuhamishia huduma kwenye njia za mfululizo. Huo ni uamuzi wa kisiasa na unapaswa kufanywa waziwazi, si kufichwa ndani ya ratiba.

Dhana: Njia ya mabasi haina kitu, wapewe wenye magari

Basi moja kila dakika, lenye watu 70, ni watu 4,200 kwa saa. Kati ya basi na basi lami huonekana wazi. Njia ya pembeni imejaa magari yasiyosogea, kila moja na mtu mmoja au wawili, na inapitisha sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Njia inayoonekana imejaa ndiyo iliyokwama.

Dhana: Kupanua barabara kutamaliza foleni. Dhana pacha: mabasi yatamaliza foleni

Mchumi Anthony Downs alieleza mwaka 1962 kwa nini ya kwanza si kweli, na utafiti wa Gilles Duranton na Matthew Turner uliochapishwa 2011 ukathibitisha hoja yake kwa miji ya Marekani: kilomita za magari huongezeka kwa uwiano uleule na kilomita za njia zilizojengwa. Barabara ya Katy Freeway huko Houston ilipanuliwa hadi kufikia njia 26 kwenye baadhi ya sehemu, ukihesabu na barabara za pembeni, kazi ikakamilika 2008. Miaka michache baadaye muda wa safari za saa za msongamano ulikuwa ukirefuka tena.

Ya pili hawapendi kuisikia watetezi wa usafiri wa umma. Ukimtoa dereva mmoja barabarani, mwingine huiona nafasi. Stockholm iliongeza huduma za mabasi Agosti 2005, na magari hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Tozo ya kuingia mjini ilipoanza kwa majaribio Januari 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Majaribio yakaisha Julai, magari yakarudi kuongezeka. Tozo ikarejeshwa kwa kudumu Agosti 2007. Kwa hiyo usiahidi kuondoa foleni. Ahidi kuwapa watu njia ya kuipita, na kama unataka foleni yenyewe ipungue, weka tozo.

Dhana: Nauli ikiwa bure, wenye magari watayaacha

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliondoa nauli kwa wakazi wake 2013, Luxembourg kwa nchi nzima 2020. Tallinn ilivuta watembea kwa miguu zaidi kuliko madereva. Mwenye gari analalamikia muda. Kwa wasio na uwezo, punguza nauli zao moja kwa moja kwa kadi, halafu fedha zinazobaki ziongeze safari.

Dhana: Reli ndiyo usafiri wa kweli

TransMilenio, huduma ya mabasi yaendayo kasi ya Bogotá, Kolombia, iliyofunguliwa Desemba 2000, imewahi kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kwa mabasi. Siri yake ni njia ya pili ya kupitana kwenye stesheni. Reli ina mahali pake, pale abiria ni wengi kiasi hicho na wataendelea kuongezeka.

Dhana: Waachie watu binafsi washindane, ushindani utaleta ubora

Madereva wanaoshindania abiria wa kituo kimoja hukimbizana mchana na hungoja kujaa usiku. Uingereza iliachia soko la mabasi huria Oktoba 1986, isipokuwa London, ambako mamlaka iliendelea kupanga njia, nauli na ratiba, na kampuni zikashindania mikataba. Miongo iliyofuata London iliongeza abiria, miji mingi mikubwa mingine ikapoteza. Manchester ilianza kurudi kwenye mfumo wa mikataba Septemba 2023 na kukamilisha Januari 2025.

Mkataba nao unaweza kuharibu. Santiago, mji mkuu wa Chile, ilipozindua Transantiago, mfumo wake mpya wa mabasi, Februari 2007, ilibadilisha kila kitu siku moja, na mikataba ya mwanzo iliwahakikishia waendeshaji sehemu kubwa ya mapato hata mabasi yasipotoka. Hayakutoka ya kutosha. Mlipe mwendeshaji kwa kilomita alizotembea kweli, mkate malipo kwa safari zilizokosekana na kwa mapengo yaliyozidi ratiba, mwongeze kidogo kwa kila abiria ili asipite vituo bila kusimama. Ushahidi ni GPS kwenye kila basi, na takwimu zake ziwe mali ya mamlaka tangu siku ya kwanza ya mkataba.