Kuteuliwa, kuwekwa wakfu, kusimikwa: vitenzi vitatu vinavyochanganywa

Dhana: Papa akishamteua, padre huyo tayari ni askofu.
Bado. Uteuzi ukitangazwa anaitwa Askofu Mteule, na hawezi kumpa mtu upadre. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 379, inampa miezi 3 tangu apokee hati ya uteuzi awe amewekwa wakfu. Kulishika jimbo ni hatua nyingine, ambayo mwisho wake ni miezi 4. Hiyo ndiyo kusimikwa. Mara nyingi yote mawili hufanyika katika Misa moja, ndiyo maana waandishi wa habari huandika "amewekwa wakfu na kusimikwa" kama vile ni jambo moja lililotajwa mara mbili.

Dhana: Mafuta ndiyo yanayomfanya askofu.
Picha za krisma, yaani mafuta matakatifu, ikimiminwa kichwani zinapendeza, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Tazama mfuatano wenyewe: askofu mwekaji wakfu, akiwa na wenzake wasiopungua wawili, anamwekea mteule mikono kichwani bila kusema neno. Kisha kitabu cha Injili kinafunguliwa na kushikwa juu ya kichwa chake, na sala ya kuweka wakfu inasomwa. Sala hiyo ikiisha, yeye ni askofu. Krisma, pete, mitra (kofia ya kiaskofu) na fimbo vinafuata baadaye, kueleza lililokwisha kutendeka.

Dhana: Akihamishwa jimbo anawekwa wakfu upya.
Hapana, daraja, yaani ngazi takatifu kama upadre au uaskofu, hairudiwi. Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi aliteuliwa Mbulu mwaka 1999, Dodoma 2005, Mwanza 2010, kisha Dar es Salaam 2018. Teuzi nne, wakfu mmoja. Vivyo hivyo, askofu akifanywa kardinali hapandi daraja nyingine. Ukardinali ni cheo.

Dhana: Bila idhini ya Papa, tendo la kumweka askofu wakfu ni batili.
Ni haramu, si batili. Mwaka 1988, kule Écône, Uswisi, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre aliwaweka wakfu mapadre wanne bila idhini hiyo. Roma ilitangaza kuwa wametengwa na Kanisa, lakini haikusema si maaskofu.

Dhana: "Wakfu" ni neno la kanisani.
Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kusimamisha. Mwislamu akiweka wakfu shamba la minazi, umiliki unasimama hapo: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi, na mazao yake yanakwenda kule alikokutaja. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Ila Mwislamu haweki mtu wakfu. Ukiandika "kadhi amewekwa wakfu", umekosea dini na lugha kwa mpigo mmoja. Kadhi huteuliwa, kisha huapishwa.