Inveta ya asilimia 98, watafiti wanatafuta nini tena?

Wengi huamini kwamba kugeuza umeme ni kazi iliyokwisha zamani. Inveta nzuri ya sola, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa paneli kuwa wa AC, hufikia ufanisi wa asilimia 98, basi vyuo vikuu vinahangaika na nini?

Vinahangaika na ile asilimia 2. Inveta ya kilowati 100 inayopoteza kiasi hicho hutoa joto la wati 2,000 muda wote inapofanya kazi kikamilifu, na joto hilo lazima liondolewe kwa feni na vipoza vya alumini. Ukiifikisha asilimia 99, joto limepungua nusu nzima. Ndiyo maana maabara zimeng'ang'ania transista (swichi za kielektroniki ndani ya inveta) za silikoni kabaidi na galiamu naitraidi: huwaka na kuzima upesi kuliko za silikoni ya kawaida, hivyo koili na kapasita, sehemu zinazohifadhi nishati kwa muda mfupi, nazo huweza kuwa ndogo. Lakini upesi huohuo huzalisha mawimbi yanayovuruga vifaa vya jirani, na hapo kazi huanza upya.

Wapo pia wanaoamini kwamba kipo kifaa kinachotoa nishati nyingi kuliko inayoingia. Jibu ni fupi: hakipo.

Eti utafiti wa vyuo huozea kabatini? Mwaka 1976, Middlebrook na Ćuk wa Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, walionyesha namna ya kukokotoa mwenendo wa wastani wa saketi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Wasanifu wa pawasaplai wanaitumia mpaka leo.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba upepo na sola ndivyo vinavyoangusha gridi, yaani mtandao wa umeme. Tarehe 28 Septemba 2016, jimbo la South Australia lilibaki gizani. Dhoruba iliangusha minara, volti ikashuka mara kadhaa mfululizo, na mitambo ya upepo ikapunguza takriban megawati 456 ndani ya sekunde chache. Njia ya umeme kutoka jimbo jirani la Victoria ikazidiwa, ikajikata. Uchunguzi ulikuta kwamba mitambo hiyo ilikuwa imewekewa kikomo cha idadi ya mishuko ya volti inayoweza kuvumilia. Mipangilio ilibadilishwa, upepo ni uleule.

Sasa watafiti wanatengeneza inveta zinazojiwekea volti na masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) zenyewe badala ya kufuata ya gridi. Ugumu uliobaki ni shoti: jenereta kubwa humwaga mkondo mara kadhaa ya kiwango chake, na swichi za ulinzi hutambua hitilafu kwa wingi huo. Transista hazihimili mkondo kama huo, kwa hiyo ulinzi wa gridi nao unasanifiwa upya.