Mgeni naye analindwa na Katiba

Huku Mtwara, hasa vijiji vya kando ya mto Ruvuma, utasikia: "Huyo katoka Msumbiji, hana haki hapa." Si kweli. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 14, inampa haki ya kuishi "kila mtu", bila kuuliza kitambulisho. Ibara ya 13 inakataza kumtesa mtu yeyote, na mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Aliyevuka mto bila kibali anaweza kushtakiwa, hata kurudishwa kwao. Kumpiga ni kosa, na inauma kuona watu wamelizoea. Haki za raia peke yake zipo: kupiga kura, kugombea uongozi, na ile haki ya ibara ya 17 ya kwenda na kuishi popote nchini.