Bila kuoza kwa beta hakuna dhahabu: dhana potofu ninazozisikia kila mara

Kila nikiongea na watu kuhusu asili ya elementi nzito kuna mmoja lazima aseme "si nyutroni zinamezwa nyingi kwa mpigo, kiini kinakua, ndo tunapata dhahabu? Hiyo beta ni masalia tu ya baadaye." Jamani hapana, na nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwahiyo naliandika. Kuoza kwa beta ni pale nyutroni ndani ya kiini inapogeuka kuwa protoni.

DHANA: Nyutroni ndizo zinajenga elementi nzito, kuoza kwa beta kunabomoa tu.

UKWELI: Nyutroni haina chaji. Iongeze kwenye kiini uwezavyo, protoni zinabaki zile zile na elementi inabaki ile ile. Chuma-56 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni) ikimeza nyutroni inakuwa chuma-57, ikimeza nyingine inakuwa chuma-58, nyingine tena chuma-59, yote hiyo ni chuma! Ila chuma-59 si imara, nusu maisha yake (muda wa nusu ya viini kuoza) ni kama siku 44, nyutroni moja inageuka protoni, elektroni na chembe nyepesi iitwayo antinyutrino zinatoka, ndo unapata kobalti-59. Aliyekupandisha kutoka protoni 26 kwenda 27 ni beta, si nyutroni. Na dhahabu iko 79, hesabu mwenyewe ngazi zilizobaki.

Sasa kwenye mchakato wa haraka, ule wa nyota za nyutroni (mabaki mazito sana ya nyota zilizokufa) zinapogongana, nyutroni zinamezwa kwa kasi kuliko beta inavyoweza kufanya kazi, kwahiyo kiini kinavimba nyutroni mpaka kinafika mahali hakishiki tena. Sehemu maarufu ni kwenye nyutroni 82. Kadimiamu-130 ina protoni 48 na nyutroni 82, ganda la nyutroni limejaa, ukiipa nyutroni ya 83 haishikwi vizuri na fotoni (chembe za mwanga) za lile joto zinaitoa hapo hapo. Inabidi isubiri beta, na beta yake ina nusu maisha ya kama sekunde 0.13. Utasema ni kidogo, lakini mchakato mzima unaenda kwa sekunde tu, kwahiyo hapo ni foleni kweli kweli, viini vinarundikana nyuma ya kiini kinachooza polepole. Ndiyo maana ukiangalia uwingi wa elementi kwenye mfumo wa jua unakuta kilima karibu na namba ya masi 130 na kingine karibu na 195, huko kwa platinamu na majirani zake wakiwemo dhahabu. Vilima hivyo vimechongwa na viwango vya beta. Badilisha viwango na kilima kinabadilika.

Nyutroni zikiisha, kazi iliyobaki ni ya beta karibu yote. Kadimiamu-130 inakuwa indiamu-130 (nusu maisha chini ya sekunde), inakuwa bati-130 (dakika karibu 4), inakuwa antimoni-130 (dakika karibu 40), inaishia teluriamu-130 ambayo kwa matumizi ya kawaida ni imara. Ona inavyopunguza mwendo kadiri inavyokaribia uimara, kwa sababu nishati ya kuoza inapungua, na kiwango cha beta kinafuata takriban kipeo cha tano cha nishati hiyo: mengine yakibaki sawa, nishati mara mbili ni kasi kama mara 32. Muundo wa kiini nao una sauti yake, kaboni-14 ingeoza mapema sana kama ingekuwa nishati peke yake, lakini nusu maisha yake ni miaka 5,730.

Ushauri wangu, na ninaurudia kwa kila mtu: chukua karatasi ya maboksi, nyutroni ziende kulia, protoni ziende juu, uchore hiyo safari kwa mkono. Kumeza nyutroni ni hatua moja kulia. Beta ni hatua moja juu na moja kushoto. Ukichora hadi 79 hutaniuliza tena.

Na ule mwanga uliofuata mgongano wa tarehe 17 Agosti 2017, ambao vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi yake ya mvutano, ulikuwa ni joto la viini vinavyooza, hasa kwa beta. Ndani ya mwanga huo ndimo watafiti waliripoti kuiona strontiamu mwaka 2019. Sasa niambie tena ni masalia.

Nyingine za haraka haraka.

"Nusu maisha mbili zikipita imeisha." Hapana, imebaki robo.

"Nyutroni huru inaoza kwa dakika kama 10 hivi, kwahiyo hata zilizo ndani ya atomi zinaoza." Haifuati. Ndani ya kiini imara nishati ya kuoza haipo.

"Nusu maisha haibadiliki hata iweje." Kwenye atomi za kawaida ni karibu kweli, lakini nyotani elektroni zinavuliwa. Disprosiamu-163 ikiwa na elektroni zake ni imara, ila mwaka 1992 kule GSI, maabara ya fizikia iliyoko Darmstadt, Ujerumani, waliivua zote ikaoza kwa nusu maisha ya siku kama 47, elektroni inayozaliwa inaingia moja kwa moja kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

"Viwango vyote vishapimwa." La! Taasisi ya utafiti ya RIKEN kule Japani walitangaza mwaka 2015 vipimo vya nusu maisha za isotopu 110 (aina za elementi zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) zenye nyutroni nyingi, 40 zikiwa ni mara ya kwanza, na ni kazi kubwa sana ile, lakini kuelekea nyutroni 126, ganda lingine linapojaa na ambako kilima cha dhahabu kinajengwa, viini vingi vya njiani bado vinategemea modeli. Kwahiyo mtu akikuletea hesabu ya dhahabu iliyotoka kwenye mgongano fulani, muulize kwanza ametumia viwango gani vya beta.