Pensheni Jamii ya wazee Zanzibar: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) inamlipa kila mwezi mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70, Unguja na Pemba. Ilianza na shilingi 20,000, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Lakini yapo maneno ambayo bado yanazunguka barazani, na mengine yanawatia haya wazee wenye haki yao.

“Ni ya masikini tu.”
Si kweli. Haulizwi mtu ana nyumba ya aina gani, wala mwanawe anafanya kazi wapi. Kinachotazamwa ni umri na ukaazi. Hata mstaafu anayelipwa pensheni yake ya kazi anastahiki.

Hapo ndipo watu wanapohamaki: kwa nini apewe na mwenye nacho? Mimi naona huu ndio uzuri wake mkubwa. Kipato cha vijijini kwetu hakina karatasi. Mkarafuu unazaa mwaka huu, mwakani hauna kitu. Mvuvi leo anarudi na tenga limejaa, kesho hana hata kitoweo. Ukitaka kumchagua masikini, lazima apatikane wa kupima, na mpimaji ni jirani, ana jamaa zake na ana aliogombana nao. Umri haumjui mtu. Kumlipa tajiri mmoja elfu hamsini ni hasara ndogo kuliko kumwacha nje bibi kizee asiye na wa kumsemea.

“Ni TASAF hiyohiyo.”
Hapana. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, ina mpango wa Muungano wa kunusuru kaya masikini. Huko kaya huchaguliwa, na zenye watoto huwekewa masharti ya skuli na kliniki. Pensheni Jamii ni ya mtu mmoja mmoja, na fedha zake zinatoka katika bajeti ya SMZ yenyewe. Anayesema ni pesa za wafadhili amekosea.

“Wanapewa watu ambao hawakufanya kazi.”
Neno hili ndilo linaloniuma zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama aliyekuwa na umri wa miaka 35 wakati ule, leo ameshapita sabini. Miaka yote hiyo ameinama majini, amefunga mwani kwenye kamba, ameuanika na kuuza. Hakuwa na mwajiri wa kumkatia mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya waajiriwa. Wachumaji karafuu wa Pemba nao ni vivyo hivyo. Hao ndio tunaosema hawakufanya kazi?

“Pesa ya bure inabwetesha.”
Kwa mtu wa miaka 75 hoja hii haina hata pa kusimama. Kwa wenye nguvu, yapo ya kujifunza: TASAF ilipofanya majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, tathmini ilionesha kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii na zikanunua mifugo.

“Wazee watunzwe na watoto wao.”
Wajibu huo upo palepale, kwa dini na kwa mila. Ila mzee mwenye chake mkononi hununua dawa bila kusubiri mtu apige simu, na mjukuu akienda skuli humtilia kitu mfukoni. Na wapo wasiojaaliwa watoto.

“Sheha ndiye anayetoa.”
Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anawajua watu wa shehia yake na husaidia katika uandikishaji. Fedha si zake, wala si za chama. Mzee hana deni la kura kwa sababu ya pensheni hii.

Kama tunataka kubishana, tubishane juu ya umri. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60. Mkulima wa mwani, ambaye mgongo wake umechoka zamani, anaambiwa asubiri kumi zaidi.